Gari la Baba Lisitoke

Sønderhede, 9 Februari 1975

Kwa Preben,

Salamu kutoka nyumbani. Huku sote tunapumua. Baba anakula vizuri, kikohozi kimemwacha, ila mguu wa kushoto bado unamsumbua asubuhi. Shangazi Asta amehamia nyumba ya wazee kule Thisted na tayari amegombana na mwenzake wa chumbani kuhusu dirisha. Theluji inayeyuka, uwanja wa gereji ni tope tupu. Mimi ni mzima, ingawa hukuuliza katika barua iliyopita wala ile ya kabla yake.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu iko pembeni ya kiti cha Baba. Macho yake yameharibika lakini masikio hayana kasoro.

Sasa sikiliza. Jumanne, Ejnar wa posta alileta kifurushi kidogo chenye stempu za Norwei. Baba alikipokea mwenyewe mlangoni, akakitia mfukoni mwa ovaroli kama mtoto aliyeiba pipi. Baadaye, nikiwa chini ya trekta la Laust, nikasikia injini ya Volvo ya Baba inawaka uani. Nilijigonga kichwa kwenye ekseli nikitoka. Nilipofika nje Baba alishakuwa getini, ananipungia mkono.

Ulimtumia rota.

Nilikuwa nimeitoa mimi, Preben. Niliitoa kwenye distribyuta mwezi Januari nikaificha, maana ni kidude kinachoenea kwenye kiganja lakini bila hicho plagi hazipati moto hata moja. Kabla ya hapo nilichomoa waya wa koili, akauona huku kahawa yake ikiwa bado ya moto. Nikaziba bomba la petroli, akaligundua kwa kunusa tu. Rota ndiyo iliyomchukua asubuhi nzima. Akaja jikoni akaniambia, "Kuna mwizi wa spea hapa kijijini," huku amenikazia uso. Nikamwongezea kahawa. Kumbe alikuwa anangoja nitoke ili apige simu Kristiansand.

Baba ana miaka sabini na tisa. Jicho la kulia linaona mwanga tu. La kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kufuli. Dokta wa hapa alimsainia leseni kwa sababu Baba ndiye aliyemtengenezea magari yake yote tangu alipohamia. Sitaki kujua mlizungumza nini kwenye simu. Nataka usitume tena chochote chenye umbo la spea.

Dada yako,
Gudrun


Kristiansand, 23 Februari 1975

Dada Gudrun,

Salamu zimefika, nasi tunazirudisha. Mke wangu Torbjørg hajambo, mtoto anaota meno na nyumba nzima hatulali. Depo ina kazi nyingi, mabasi mapya yameletwa na hakuna kitu kisichopita mikononi mwangu, kwa hiyo samahani kwa kuchelewa. Pole kwa kichwa.

Ndiyo, nilimtumia. Aliniomba, na ni baba yangu. Aliniambia, "Preben, dada yako ananifungia gari langu, ndani ya gereji yangu, kwenye uwanja nilioumwagia zege kwa mikono yangu mwenyewe." Ulitaka nimjibu nini? Mtu ametumia maisha yake yote kuwasha magari ya wenzake, leo wewe unamnyima la kwake. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta sababu, nikaona macho tu. Macho yake ni mabovu tangu niko shule. Njia ya kwenda baharini na njia ya kwenda kwenye kaburi la Mama anazijua kuliko unavyozijua spana zako.

Tuseme ukweli. Hapa hakuna habari ya macho. Gereji ni yako sasa, bango lina jina lako, wateja ni wako. Kilichobaki kwa Baba ni hilo gari, na hilo nalo unataka liwe chini ya amri yako. Ulikuwa hivyo hivyo tangu utoto. Ukishika jeki, hakuna mwingine wa kuigusa.

Na mchezo wenyewe ni wa kitoto. Kuchomoa waya wa koili! Hata mwanagenzi wa wiki ya kwanza anauona. Ukitaka kumzuia fundi kama Baba, itabidi kwanza uwe fundi.

Akiniomba spea nyingine, nitatuma.

Preben


Sønderhede, 2 Machi 1975

Kwa Preben,

Hongera kwa meno ya mtoto. Shangazi Asta ameshinda vita ya dirisha, sasa linabaki wazi na mwenzake analala na kofia. Tangu rota yako ifike Baba anavaa ovaroli kila asubuhi, ananyoa ndevu, anapiga mluzi. Nakuandikia hili usije ukadhani mimi sioni.

Umetafuta sababu ukakosa. Chukua hii.

Tarehe kumi Januari, mchana kweupe, Baba alikuwa anarudi kutoka makaburini. Kwenye kona ya kanisa alimgonga Lisbet, binti wa Ejnar wa posta, aliyekuwa anatoka shule kwa baiskeli. Mtoto alirushwa mtaroni. Mtulinga ulivunjika na meno mawili ya mbele yakatoka. Kilichomwokoa ni theluji iliyojaa mtaroni. Baba hakusimama. Alifika nyumbani, akaegesha, akaingia kunywa kahawa. Nilipomuuliza taa ya mbele imevunjwa na nini, akasema, "Nimegusa rundo la theluji pale kanisani. Siku hizi watu wa barabara hawafanyi kazi." Kwenye bampa ilikuwa imenasa glavu ya mtoto, ya sufu nyekundu.

Nilikwenda kwa Ejnar kwa miguu. Mke wake hakunitazama usoni. Ejnar mwenyewe alinitoa nje akaniambia, "Gudrun, polisi siwapigii simu. Baba yako Kresten alinifungulia injini ya pikipiki siku ya harusi yangu, nikawahi kanisani. Lakini hili litakuwa la mara moja tu. Nikiliona lile gari barabarani tena, siji kwako. Naenda kituoni." Baiskeli niliinyoosha mimi, fremu na rimu zote mbili.

Huyo Ejnar ndiye aliyebeba kifurushi chako kwenye mkoba wake. Ile Jumanne, Baba alipotoka getini, Ejnar alikuwa bado yuko kwa jirani. Alishuka kwenye baiskeli, akalitazama gari likipita, kisha akanitazama mimi. Mpaka leo sijui kama ameshakwenda kituoni au bado anapima.

Baba hajui. Sikumwambia, na wewe usimwambie. Hataweza kuishi nalo.

Njoo. Pasaka ina siku za kutosha. Meli ya asubuhi ikitoka hapo kwenu, jioni unakula hapa. Njoo umwambie mwenyewe kwamba basi, inatosha, maana wewe atakusikia. Ningeandika "tafadhali," lakini neno hilo nililitumia mwaka jana ukaliacha bila jibu.

Gudrun


Kristiansand, 13 Aprili 1975

Dada Gudrun,

Natumaini Pasaka ilikuwa njema. Sisi tulibaki hapa. Mama yake Torbjørg aliugua, na depo hawakunipa ruhusa. Mtoto sasa anasimama akishika kiti.

Habari ya binti wa Ejnar imenihuzunisha, nakwambia kweli. Lakini nina maswali. Wewe ulikuwepo pale kanisani? Kuna aliyeona kwa macho? Glavu ya mtoto inaweza kunasa popote kijijini. Nilimuuliza Baba kwenye simu, kwa kuzunguka, kama amegonga kitu chochote msimu huu wa baridi. Akasema theluji. Sijawahi kumsikia Baba akidanganya hata siku moja.

Swali jingine. Hili lilitokea Januari, wewe ukaniandikia Februari kuhusu rota tu, hukutaja mtoto. Kwa nini? Naona ulitaka kwanza nijibu kama nilivyojibu, halafu unipige nalo kichwani. Umefanikiwa. Furahi.

Kama macho ni mabovu, nenda kwa dokta aseme hivyo kwa maandishi. Hiyo ndiyo njia ya watu wazima. Kunyatia gari la mzee na bisibisi mfukoni si njia.

Spea sitatuma tena mpaka nielewe. Lakini akiniuliza swali la ufundi, nitamjibu. Siwezi kumdanganya baba yangu.

Preben


Sønderhede, 20 Aprili 1975

Kwa Preben,

Hadanganyi. Haoni. Kama hujui tofauti ya mambo hayo mawili, mwombe mama mkwe wako akueleze akipona.

Kwa dokta nilikwenda kabla hujanifundisha. Akaniambia, "Kresten ana macho ya umri wake," kisha akauliza kama nitaweza kumtazamia klachi ya gari lake, inateleza. Hiyo ndiyo njia ya watu wazima, nimeipita mpaka mwisho.

Umeuliza kwa nini sikukuambia Januari. Januari nilidhani aibu hii ni yetu sote, nikawa natafuta maneno ya kukuambia bila kukuumiza. Sasa nimejua ni yangu peke yangu, kwa hiyo maneno yanakuja bila taabu.

Pasaka tulipika mwanakondoo. Baba aliweka sahani ya tatu mezani. Sikuiondoa mpaka alipomaliza kula.

Sasa mambo ya kazi. Uliniambia ili nimzuie Baba itabidi kwanza niwe fundi. Vema. Jana nimelifanyia gari kitu. Hakuna spea niliyoiba, hakuna kilichokatwa wala kuzibwa, kila kitu kipo mahali pake. Baba hatakiona. Na wewe ungekuja na sanduku lako lote la spana, usingekiona. Mwambie ukipenda. Najua utamwambia, maana huwezi kumdanganya baba yako.

Gudrun


Kristiansand, 11 Mei 1975

Dada Gudrun,

Wote ni wazima. Mama mkwe amepona na anakushukuru kwa kumjali, nilimsomea kipande chake.

Nimemwambia, kama ulivyotaka. Akasema, "Haya. Tuone." Sijaisikia sauti hiyo tangu Mama afariki.

Tunalitafuta pamoja. Umechora mstari wa penseli ndani ya kepu, mfuniko wa distribyuta, ili moto ukimbilie pembeni? Ameifuta kepu kwa spiriti, hakuna. Umetia kipande cha karatasi kati ya ncha za platini ili zisigusane? Ameifungua, ameipiga msasa, hakuna. Umelegeza sindano ya kabureta? Umetia maji kwenye tangi? Ametoa petroli chupa nzima akaiacha itulie, haina maji. Jumapili hii nimemwambia atoe plagi zote nne, azisafishe kwa brashi ya waya, atazame kila moja. Stata hajaipiga hata mara moja. Anasema hawezi kuwasha gari ambalo hajui limetegwa nini, asije akavunja injini.

Sasa fikiri mwenyewe. Mzee wa miaka sabini na tisa anapiga magoti kwenye zege, anapapasa nati kwa vidole, kwa sababu bintiye anataka kushinda. Hilo linakupendeza? Wateja wakiingia wanaona nini?

Na ya Pasaka usiyarudie. Nina sababu zangu za kutokuja, na hazikuhusu.

Preben


Sønderhede, 18 Mei 1975

Kwa Preben,

Magoti yake yana mto niliomshonea kwa turubai na sufu. Wateja wanaona mzee anatengeneza gari lake.

Anaamka mapema, anakula mkate wake mweusi akiwa amesimama, anatoka. Anayetafuta hayuko barabarani. Jana Ejnar alipita akalikuta boneti liko wazi. Niliganda mlangoni. Akaegemeza baiskeli ukutani, wakazungumza kabureta mpaka barua za watu zikachelewa. Wakati wa kuondoka aliniinulia kofia. Ni mara ya kwanza tangu Januari. Lisbet amewekewa meno ya bandia, anacheka na mkono mdomoni.

Sababu zako kaa nazo.

Gudrun


Kristiansand, 8 Juni 1975

Dada Gudrun,

Simu yangu ya Ijumaa ilikuwa fupi kwa sababu Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Najua ulikuwa umeshamtafuta mpaka ufukweni, sauti yako niliisikia. Uliniuliza amefikaje, nikasema salama. Sasa nitakueleza, maana usipoyasikia kwangu utayasikia kwake, na yeye atayasema vizuri kuliko mimi.

Alipanda basi mpaka bandari ya Hirtshals, kisha meli kama abiria wa miguu. Alikuwa na mfuko mmoja tu. Ndani mna shati, mkate, nusu soseji, na ile seti ndogo ya spana. Bandarini huku aliuliza depo ya mabasi iko wapi, mtu mmoja akamleta mpaka mlangoni.

Mimi si fundi mkuu hapa kama nilivyowaambia, Gudrun. Si fundi wa aina yoyote. Nyama ya kiganja changu cha kulia ilikatwa na feni ya radieta mwaka wangu wa pili hapa, vidole viwili havikunjiki. Wakanipa kaunta ya spea. Nimevaa koti jeupe, mafundi wanakuja wanaomba beringi na mikanda ya feni, mimi nawatolea. Baba hakuwahi kuambiwa. Wala wewe. Cheka sasa, halafu endelea kusoma.

Nilikuwa pale kaunta alipoingia. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele yangu, akavua kofia, akaweka mikono juu ya mbao. Kati yangu na yeye ulikuwepo upana wa kaunta tu. Akaniambia, "Kijana, samahani. Namtafuta fundi mkuu wa hapa. Anaitwa Preben, ni mwanangu."

Nilibaki nimeshika boksi la beringi. Akadhani sijamwelewa, maana mimi ni Mnorwei kwake, akarudia polepole, akipaza sauti kama watu wanavyozungumza na wageni. Alikuwa ananitazama usoni. Alitabasamu hata, kwa adabu.

Nikasema, "Baba."

Alinyoosha mkono juu ya kaunta, akanishika begani, akateremsha kiganja kwenye mkono wa koti mpaka kwenye vidole vyangu, akavipapasa kimoja kimoja. Vile viwili alivishika kwa muda. Kisha akasema, "Koti safi hilo." Hajauliza zaidi mpaka leo.

Kwa hiyo kuhusu macho sina cha kubisha. Nimeona. Yule mtoto wa Ejnar alikuwa mbali zaidi ya upana wa kaunta.

Amekuja kunichukua. Anataka tuvuke pamoja nikamtengenezee gari. Anasema alifungua kila kitu, akafunga kila kitu, mwishoni akakata shauri akapiga stata, gari likapiga chafya kwenye kabureta na kulipua mlio nyuma, likakataa kushika. Akarudia siku tatu. Jana mezani alimwambia Torbjørg, "Nimekamata spana tangu nina miaka kumi na mitano. Nimewasha magari yaliyotolewa mtoni. Sijawahi kushindwa na gari. Hili limenishinda. Gudrun amekuwa fundi."

Torbjørg hakuelewa kwa nini nimesimama kwenda dirishani.

Haya, umeshinda. Ulilifanya nini? Anauliza asubuhi na jioni, na mimi pia nataka kujua. Kisha useme lini unakuja kumchukua. Nyumba yetu ni ndogo, na mimi siwezi kumtazama kila siku akiwa anajua na hasemi.

Preben


Sønderhede, 15 Juni 1975

Kwa Preben,

Asta anawasalimu. Mvua ni nyingi, nyasi za Laust zimelala. Torbjørg mwambie asimpe Baba kachumbari ya figili, inamvuruga tumbo naye hatasema.

Sikulifanya gari kitu.

Soma tena kama unataka. Tarehe kumi na tisa Aprili sikuligusa. Nilikuandikia vile kwa sababu nilijua utamwambia, na nilijua Baba akisikia kuna kitu kimefichwa hatawasha mpaka akione. Kisichokuwepo hakionekani. Nilihesabu kwamba atatafuta mpaka msimu wa baridi, akiwa na mto wake magotini, na barabara zitakuwa salama, na hakuna atakayemwambia mzee kwamba amenyang'anywa kitu. Wewe ulikuwa posta yangu. Ejnar analeta barua, wewe ulileta uongo, na uliufikisha bila kuchelewa.

Nilipopata barua yako ya kupiga chafya kwenye kabureta, sikuelewa. Gari lile lilikuwa zima. Nikaenda kufungua boneti. Kila kitu kinang'aa, Preben, platini imesafishwa, klipu zimefutwa, hata mabomba ya maji ameyapangusa. Na nyaya za plagi zimerudishwa kwa kufuata silinda zilivyosimama. Moja, mbili, tatu, nne.

Unajua maana yake. Anayesoma barua hii badala yako asingejua, lakini wewe unajua. Silinda zile hazipokei moto kwa kufuatana kama watu kwenye foleni. Ni moja, tatu, nne, mbili, na aliyetufundisha ni yeye, akigonga meza kwa kijiko kabla hatujaanza shule. Ulimwambia atoe plagi zote nne. Akazitoa, akazisafisha, akarudisha nyaya kama mtu ambaye hajawahi kufungua injini. Kisha akapiga stata siku tatu na hakukumbuka. Hilo si jicho. Kwa miezi yote hii mimi nimekuwa nalinda macho yake, kumbe kinachoondoka ni kingine, na mimi ninakula naye meza moja na sikukiona.

Nilizipanga upya. Liliwaka papo hapo. Nikalizima, nikakaa kwenye kiti chake mpaka Laust akanigongea kioo kuuliza trekta lake. Kisha nikavua vibao vya namba nikavipeleka kituoni mwenyewe, kabla Ejnar hajanitangulia. Afisa aliuliza sababu. Nikasema gari halitatumika tena.

Koti lako sikulicheka. Lakini usidhani limekufuta. Umeniacha na wazee wawili, mmoja nikamzika na mmoja nikamlinda, kwa sababu ya vidole viwili ambavyo ungeweza kuvitaja kwa mstari mmoja. Mimi nilidhani unatudharau. Pengine ningependa iwe hivyo, ni rahisi kukuchukia.

Tangu ulipoondoka nimetengeneza kila gari la kijiji hiki mbele ya macho ya Baba alipokuwa bado anayo. Nilibadilisha giaboksi la lori la maziwa peke yangu, akaja akatazama, akasema, "Preben angeanza na boliti za chini." Nimengoja neno moja tu. Sasa amelisema, amelisema kwako, kwenye meza ya watu wengine, kwa kazi ambayo sikuifanya.

Uamuzi ni wako. Ukimwambia ukweli, atajua amesahau kitu ambacho hakisahauliki, na atajua maana yake upesi kuliko dokta. Ukimwambia nimelifanya mimi, utakuwa umedanganya, na wewe uliandika kwamba huwezi. Mimi sikuombi chochote. Niliomba vya kutosha.

Kaa naye majira haya ya joto. Akatwe kucha za miguu kila Jumamosi, hataomba. Kahawa asiweke mwenyewe jikoni, anamimina nje ya kikombe.

Gudrun


Kristiansand, 29 Juni 1975

Dada Gudrun,

Tuko salama. Mtoto ametembea hatua zake za kwanza, kutoka kwa Torbjørg mpaka kwenye magoti ya Baba, na Baba alijua amefika kwa sababu alimgusa. Kucha nimezikata. Alinipiga teke mara mbili.

Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisoma depo, nyuma ya rafu za mikanda, maana nyumbani anasikia karatasi inavyokunjuliwa. Sikumaliza kwa mara moja. Hilo la kunifanya posta yako sitalisahau, na siku tutakapoonana utanisikia.

Nimeanza kumtazama kwa makini. Juzi alimwita mtoto kwa jina langu. Jana aliniuliza Mama amekwenda wapi, kisha akajisahihisha haraka, akasema alikuwa anamaanisha Torbjørg. Nimezungumza na daktari wa huku. Torbjørg amesema Baba ataishi hapa mpaka Septemba, halafu tutakuja naye sote watatu, ukimhesabu mtoto, na mimi na wewe tutakaa chini tuzungumze nani anabaki naye na kwa namna gani. Najua tutapigana. Andaa vitanda.

Leo baada ya chakula aliniuliza tena. "Gudrun amejibu?"

Nikasema, "Amejibu."

"Amesema alilifanya nini?"

Nilikuwa na barua mfukoni mwa koti. Nikamwambia, "Amekataa kusema, Baba. Anasema hiyo ni siri yake, na kwamba hata mimi ningekuja na sanduku langu lote la spana nisingeiona."

Alicheka mpaka akakohoa, Torbjørg akampa maji. Alipotulia alifuta macho, akanyoosha miguu, akasema, "Asiseme. Mwambie asije akasema kamwe. Mimi ningekuwa yeye nisingesema." Kisha akaanza kumweleza mtoto, kwa Kidenmaki, kwamba ana shangazi mmoja huko ng'ambo ambaye ukimletea gari lolote analitengeneza, na akikasirika hakuna mtu duniani anayeweza kuliwasha.

Nimemdanganya baba yangu. Usinishukuru, na usidhani tumepatana.

Preben